Umeme kwenye nyumba za kupanga: soma mita kwanza ndio uongee na mwenye nyumba

Kama umepanga hapa Dodoma, iwe Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala, Nzuguni au kule Ng'ong'ona wanakokaa wanachuo wengi, kesi za umeme unazijua. Umeme umeisha usiku, kila mtu anasema yeye alinunua juzi, mwenye friji anaangaliwa vibaya, mwenye pasi anaangaliwa vibaya, na asubuhi watu wanapishana koridoni hawasalimiani. Mimi nimekaa nyumba za kupanga miaka tisa hapa mjini, nimehama mara nne, na hakuna nyumba hata moja ambayo hatukuwahi kukaa kikao cha luku. Nimeona watu waliokuwa wanaachiana watoto wanafikia kurushiana maneno kwa sababu ya elfu tatu. Inaniuma kwa kweli kwa sababu mara nyingi unakuta hakuna aliyeiba, ni kwamba hakuna aliyesoma mita. Ndio maana naandika haya, ili ukitaka kulalamika ulalamike ukiwa na namba mkononi.

Naanza na kabla hujahamia maana hapo ndipo wengi tunateleza. Dalali anakupeleka chumba na sebule, masta, tailizi safi, unaangalia maji, unaangalia choo, unaangalia geti, unalipa miezi sita. Luku hujaiuliza. Uliza hivi, tena mbele ya mwenye nyumba mwenyewe sio dalali: luku ni ya peke yangu au ya kuchangia? Kama ni ya kuchangia, tuko kaya ngapi na nani ananunua? Kama ni sabmita, yaani kamita ka pembeni ka mwenye nyumba mwenyewe, uniti moja unauza shilingi ngapi? Pampu ya maji na taa za nje zinakula kwa nani? Hili la mwisho watu hawaulizi kabisa na ndilo lililonitesa mimi mwaka mzima, nitalielezea huko mbele.

Halafu omba namba ya mita, piga picha, na kabla hujatoa kodi ya miezi sita nunua umeme wa elfu tano kwenye hiyo mita. Elfu tano hiyo ni hela ndogo ukilinganisha na kodi, na ile meseji ya tokeni itakwambia mambo ambayo dalali hatakwambia. Itaonyesha umepata uniti ngapi, makato ya kodi ya serikali ni kiasi gani, na kama kuna deni lolote limekatwa.

Sasa ujue kuisoma ile meseji. Bei za umeme tunazotumia zilipangwa 2016 na kwa nyumba zetu hizi kuna makundi mawili yanayotuhusu. Kuna kundi la matumizi madogo ya nyumbani ambalo uniti ni shilingi 100 mpaka ufikishe uniti 75 kwa mwezi, ukivuka 75 kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Halafu kuna kundi la matumizi ya kawaida ambapo kila uniti ni shilingi 292 kuanzia ya kwanza. Juu ya hizo bei kuna VAT asilimia 18, kuna asilimia 3 ya umeme vijijini, yaani REA, na asilimia 1 ya EWURA, ile mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Ukijumlisha ni asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya shilingi 100 ukiitoa mfukoni ni shilingi 122, na ya 292 inakuwa kama shilingi 356. Ndio maana kuna mtu ananunua wa elfu moja anapata uniti 8.2 na jirani yake ukuta kwa ukuta ananunua wa elfu moja anapata 2.8, na wote wako sahihi.

Basi ile elfu tano yako ya majaribio, kama hakuna makato mengine, kwenye matumizi madogo unapata karibu uniti 41, kwenye matumizi ya kawaida unapata 14. Ukipata pungufu ya hizo angalia kama imekatwa kodi ya jengo. Hii kodi ilianza kukatwa kwenye luku mwaka 2021, na tangu 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Inakatwa unaponunua mara ya kwanza kwenye mwezi, na chumba kikikaa miezi minne bila mpangaji inakuwa inajilimbikiza, wewe ukija kununua kwa mara ya kwanza unakuta elfu sita imeondoka. Ikishakatwa hiyo 1,500 kwenye elfu tano yako unabaki na 3,500, ambayo ni kama uniti 28 na ushee kwenye bei ndogo au 9.8 kwenye bei ya kawaida. Ukiona hata hizo hazifiki basi kuna deni, na deni hilo ulimalize na mwenye nyumba kabla hujaingiza godoro.

Na hii kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, jina lake linasema lenyewe. Wewe mpangaji unakatwa kwa sababu wewe ndiye unanunua umeme. Tunza zile meseji, mwisho wa miezi sita ni shilingi 9,000, mwambie kwa heshima, "mama, hii ni ya nyumba, naomba tuipunguze kwenye kodi ya chumba." Wengi wakionyeshwa wanakubali. Kama hiyo nyumba moja ina mita tatu na zote zinakatwa, mwenye nyumba ndiye anatakiwa kufuatilia ili ibaki moja, wewe mpe picha za meseji zote tatu zimsaidie.

Sasa tuje kwenye luku ya kuchangia, maana hapa ndipo penyewe.

Chukua nyumba ya kaya tano, kila kaya inatumia uniti 40 kwa mwezi, taa, tivii, chaji za simu, pasi mara mbili kwa wiki. Kila kaya ingekuwa na mita yake kwenye bei ndogo ingelipa uniti 40 mara 122, ambayo ni shilingi 4,880. Basi. Lakini hao watu watano wakiwa kwenye mita moja mita inaona uniti 200. Mita haijui kama nyie ni watano, inajua ni mteja mmoja anayekula sana. Ukivuka 75 unalipa 350, na ukizidisha mwezi baada ya mwezi mita inawekwa kwenye kundi la kawaida, kwa hiyo zile uniti 200 zinakuwa shilingi elfu 71 na kidogo, gawa kwa tano ni kama 14,250 kila kaya. Matumizi ni yale yale, hela imekuwa karibu mara tatu.

Nataka mtu aisome hiyo hesabu mara mbili, kwa sababu nimekaa kwenye vikao ambavyo dada mmoja mwenye friji ndogo analaumiwa mpaka analia wakati hata angelizima hilo friji bado wangeendelea kulipa bei ya juu kwa sababu ya kuchangia mita tu.

Ukishaielewa hiyo, kikao cha wapangaji kinabadilika. Badala ya kuuliza nani anamaliza umeme mnaenda kwa mwenye nyumba mkiwa pamoja mnamwambia tunaomba nyumba igawanywe mita. Gharama ya kuunganishwa umeme wa njia moja mjini pale ambapo hakuna haja ya nguzo imekuwa shilingi 320,960, maombi yanafanyika kwenye mfumo wa Nikonekt au unaenda ofisi ya TANESCO. Ila kabla ya hapo waya za ndani zigawanywe na fundi mwenye leseni, kila upande uwe na meni suichi yake, na hiyo ni hela nyingine. Mwenye nyumba wengi watakwambia hawana. Hapo mnaweza mkakubaliana wapangaji watangulize na ikatwe kwenye kodi, lakini iandikwe, isainiwe, na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe aone. Mita inabaki kwenye nyumba, wewe unahama nayo wapi? Usitoe hela ya maneno matupu hata kama mnapendana vipi.

Kama mita za kila mtu haziwezekani basi angalau mgawane kwa vifaa sio kwa vichwa wala kwa vyumba. Hesabu yake ni nyepesi: wati za kifaa zidisha masaa kinayowaka, gawa kwa elfu moja, unapata uniti. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko chini au nyuma ya kifaa. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka masaa sita kwa siku, mwezi mzima haifiki uniti 2. Feni ya wati 60 usiku kucha masaa nane ni nusu uniti, na ule mwezi wa kumi na wa kumi na moja kwa joto la hapa huwezi kumwambia mtu azime feni. Birika la wati 2,000 dakika sita ni uniti 0.2.

Kinachokula kimya kimya ni ile hita ya kuchovya kwenye ndoo. Mwezi wa sita na wa saba Dodoma ule upepo unavyopuliza asubuhi nani anaoga maji ya baridi? Hita ya wati 1,500 ikichemsha ndoo dakika ishirini ni nusu uniti. Familia ya watu wanne kila mtu ndoo yake ni uniti 2 kwa siku, ni uniti 60 kwa mwezi, yaani hiyo hita peke yake inakaribia kumaliza zile 75 zote za bei ndogo. Na haionekani, friji linaonekana limesimama pale linanguruma kila mtu analishutumu, hita inatumika saa kumi na moja alfajiri wengine mmelala. Sisemi watu waache kuoga maji ya moto, watoto wana haki ya maji ya moto, nasema iingie kwenye hesabu ya mchango kama friji linavyoingia.

Friji nalo usilihesabu kwa wati zilizoandikwa mara masaa 24 kwa sababu linawaka na kuzima lenyewe. Njia nzuri ni kupima, nunua kile kidude cha kupima umeme cha kuchomeka ukutani, unachomeka friji humo siku tatu unasoma. Mkinunua kimoja nyumba nzima mnaazimana.

Sabmita. Hizi siku hizi ziko kila nyumba mpya, mwenye nyumba ana luku kubwa halafu kila mpangaji ana kamita kake ka pembeni, mwisho wa mwezi anapita na daftari anasoma, au wewe unampa hela anakuwekea. Ni bora kuliko kuchangia bila kipimo lakini ina mambo mawili ya kuangalia, bei na usahihi.

Bei kwanza. Mwenye nyumba akikwambia uniti 500, muulize kwa utaratibu, akuonyeshe meseji ya tokeni ya mwezi huo. Chukua hela aliyolipa, toa kodi ya jengo na deni kama lipo, kinachobaki gawa kwa uniti alizopata. Mfano kalipa elfu 20, ikakatwa 1,500, imebaki 18,500, kapata uniti 51.9, kwa hiyo uniti imemgharimu kama 356. Akikuuzia 500 kuna 144 inayokwenda sehemu, labda ni taa za nje, labda ni pampu, labda ni faida. Kama ni taa za nje na pampu isemwe na ipigiwe hesabu. Mimi sioni shida kuchangia taa ya geti, nina shida na kuchangia kitu ambacho sijaambiwa.

Usahihi sasa. Kila sabmita ina kataa kadogo kekundu kanakopepesa na pembeni yake pameandikwa namba kama 1600 imp/kWh au 3200 au 1000. Maana yake kataa kakipepesa mara 1,600 ni uniti moja imeisha. Zima kila kitu ndani, chomoa mpaka chaja, halafu washa kifaa kimoja tu ambacho wati zake unazijua na hakizimi chenyewe, mfano jiko la umeme la sahani moja la wati 1,000 likiwa mwisho kabisa na sufuria ya maji juu. Shika simu yenye saa, hesabu dakika moja. Kwa mita ya 1,600 kataa kanatakiwa kupepesa kama mara 26 au 27. Ukihesabu 24 au 29 usianze ugomvi, umeme wetu unapanda na kushuka na wati za kwenye kibandiko ni za makadirio. Ukihesabu 45 hapo mita ina tatizo, au kuna kitu kingine kinakula ambacho hujakizima. Rudia mara tatu, rekodi video, ndio umuite mwenye nyumba aone na yeye.

Sasa ile ya kwangu. Nilikuwa nakaa nyumba moja ya vyumba vingi, sabmita kila mtu, mimi mwenyewe kazini kutwa nzima, nyumbani nina taa tatu, tivii na feni, pasi Jumapili. Kwa hesabu yangu nisingevuka uniti 30 kwa mwezi. Nilikuwa nasomewa 70, 75, mwezi mwingine 80. Nikanyamaza miezi mingi kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa mtu wa heshima sana, ananiita mwanangu, nikaona nikimwambia atajua namtuhumu. Nikabadilisha taa, nikaacha kupiga pasi nguo za ndani ya nyumba, haikupungua.

Siku moja Jumamosi asubuhi nikazima meni suichi ya chumbani kwangu, giza kabisa kwangu, nikatoka nje nikaenda kusimama mbele ya ubao wa mita kule koridoni. Kataa kangu kanapepesa. Sio polepole, kanapepesa haraka haraka kama vile kuna pasi inawaka, na mimi kwangu hakuna hata taa. Nilisimama pale kama dakika tano naangalia tu, mikono inatetemeka kwa kweli. Halafu kataa kakasimama ghafla. Na wakati huo huo nikasikia kule nyuma ya nyumba ule mlio wa pampu umekata, tenki limejaa.

Nyumba nzima, kaya saba, maji yao yalikuwa yanapandishwa kwenye tenki kwa umeme wangu. Pampu ya hospawa moja ni kama wati 750, maji hapa yakija kwa mgao watu wanajaza kila kitu, masaa mawili kwa siku ni uniti 1.5, mwezi ni 45. Ongeza 30 zangu unapata 75. Hesabu ilikuwa inakubali kabisa.

Nilimuita mama, nikamuomba afungue bomba tenki lishuke, pampu ikawaka, kataa kakaanza. Nikamuonyesha swichi yangu imezimwa. Hakubisha hata kidogo, alishika kichwa akasema "mwanangu, fundi alisema ameunga karibu ili asitumie waya mrefu." Yaani fundi alibana mita kumi za waya wakati wa kujenga. Tulikaa chini tukarudi nyuma kwenye daftari lake la kusomea, tukapiga 45 kila mwezi niliokaa, akanikata kwenye kodi iliyofuata. Pampu ikahamishiwa kwenye laini ya luku kubwa na tukaanza kuchangia wote saba. Nashukuru nilienda na kataa kinachopepesa, ningeenda na maneno tungegombana na asingekuwa na namna ya kuniamini.

Kwa hiyo jaribio lenyewe ndio hilo, lifanye hata leo. Zima meni suichi yako, nenda kaangalie mita yako. Ikisimama kabisa vizuri, subiri dakika kumi na tano kwa sababu pampu na friji vinawaka na kuzima. Ikiendelea kuhesabu kuna mtu au kitu kimeungwa baada ya mita yako na kabla ya swichi yako. Halafu zunguka, uliza majirani kama kuna kwao kilichozimika ulipozima, maana unaweza kukuta tundu la jirani linatoka kwenye laini yako. Na ikiwa mita inasimama ukizima meni lakini ukiwasha meni huku vifaa vyote umevichomoa inahesabu, tatizo liko kwenye waya zako za ndani, umeme unavuja. Dalili nyingine ya kuvuja ni ukuta au bomba la bafuni kukupiga shoti ndogo, hasa wakati wa mvua. Hapo usisubiri bili, zima, ita fundi mwenye leseni siku hiyo hiyo, huo unaua.

Kitu kingine naomba sana, usifungue mita ya TANESCO. Usikate sili, usimlipe kishoka. Vishoka wako wengi, anakuja na begi, anakwambia elfu 30 tu mita itahesabu nusu. Wakija wakaguzi wakikuta sili imekatwa wewe uliyelala humo ndani ndiye unayekutwa, na kuchezea mita ni kosa la jinai. Ukihamia ukakuta sili imeshakatwa piga picha yenye tarehe, mjulishe mwenye nyumba kwa meseji na upige 180 utoe taarifa wewe mwenyewe mapema.

Tokeni nazo zina vituko vyake ila hizi ni nyepesi. Umenunua hela imekatwa meseji haijaja, usinunue tena haraka, subiri kidogo, angalia salio na ujumbe wa muamala, kisha piga 180 ukiwa na namba ya mita na namba ya muamala watakusomea tokeni. Umeingiza namba mita inakataa, hakikisha zote 20 umezipiga na hukuruka moja, watu wengi wanachanganya 6 na 8 usiku kwa mwanga wa simu. Mita ikisema imeshatumika, muulize mwenzio, kuna wakati mke kaingiza mume hajui. Na tokeni ni ya mita moja tu, umekosea namba ya mita ukanunulia ya jirani haiwezi kuingia kwako hata ufanyeje.

Kuna nyumba zilizokaa tupu muda mrefu ambazo mita yake haikusasishwa. Mita zote za aina hii duniani zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na hapa kwetu ulikuwa ukinunua unapewa namba 60, makundi matatu ya 20, mawili ya kwanza ya kusasisha na la tatu ndio umeme. Ukihamia chumba kilichofungwa tangu kabla ya hapo na kila tokeni inakataliwa, sema hivyo hivyo ukipiga 180, kwamba mita huenda haijasasishwa, itakuokolea muda wa kuambiwa jaribu tena jaribu tena.

Rimoti ya luku, ile ya kuingizia tokeni, ikiwa haiwaki kitu cha kwanza ni betri, cha pili ni tundu ulilochomeka, zile za mita iliyo juu ya nguzo zinahitaji kuchomekwa kwenye tundu la nyumba hiyo hiyo ndio zinasikilizana na mita. Ukiazima rimoti ya nyumba nyingine uombe kwanza ushauri ofisini.

Ukifika mahali pa kulalamika rasmi, nenda hatua kwa hatua. Kama tatizo ni mita kubwa, kwamba inakimbia au makato huyaelewi, ni TANESCO, piga au nenda ofisini, na usiondoke bila namba ya taarifa. Iandike na tarehe na saa. Ukikaa bila majibu ya kuridhisha unaweza kupeleka lalamiko EWURA, na sisi wa Dodoma tuna bahati makao makuu yao yako hapa hapa mjini, lakini watakuuliza kwanza ulilalamika wapi na ulijibiwa nini, ndio maana nasisitiza hizo namba za taarifa. Kama tatizo ni sabmita au mgawanyo wa ndani ya nyumba, huko TANESCO watakwambia mita yao inaishia pale, hayo ni ya wewe na mwenye nyumba. Anza naye, mkishindwana nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na daftari lako.

Daftari lenyewe ni la mia tano tu. Kila Jumapili jioni andika tarehe, uniti zinazosomeka kwenye mita, hela iliyonunuliwa na nani, uniti zilizoingia. Kwenye luku ya kuchangia libandike ukutani karibu na mita kila mtu aone. Nyumba ninayokaa sasa tuko kaya nne, tunalo, na kikao cha mwisho cha umeme hata sikumbuki kilikuwa lini.

Siku ya kuhama piga picha ya mita na salio lililobaki, mtumie mwenye nyumba kwenye meseji ili asije akakudai ya mpangaji aliyekuja baada yako. Kama unaacha uniti nyingi mkubaliane na anayeingia akurudishie. Halafu fungua simu yako ufute namba ya mita ya zamani pale ulipoihifadhi, jirani yangu mmoja alihama Kisasa kwenda Miyuji, usiku umeme ukakata, akabonyeza ile namba aliyoizoea, akanunua wa elfu 20, tokeni ikaja, na ilikuwa ya Kisasa.